Nilivua magwanda ya Nchi Kavu, sasa nataka Jeshi la Anga. Je, mlango umefungwa?

Swali: Shikamoo mzee. Nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani miaka minne, 2019 hadi 2023, nikiwa fundi wa magari. Nilitoka kwa heshima, cheo E-4. Uraia niliupata nikiwa humo humo jeshini. Sasa nina miaka 33, mke na watoto wawili, na VA, idara ya maveterani, wananilipa fidia ya asilimia 30 kwa ajili ya goti na masikio yanayovuma. Kazi ya uraiani ninayo, ila moyo haujatulia. Nataka kurudi, na safari hii nataka Jeshi la Anga. Mwandikishaji niliyemwendea aliitazama DD 214 yangu, ile karatasi ya kutoka jeshini, akaona msimbo wa kurudi ni 3, akanirudishia karatasi akasema hawachukui waliokwisha kutumikia. Je, ndiyo basi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapana, si basi. Alichokupa yule bwana ni jibu la dawati lake, nawe umelibeba nyumbani kana kwamba ni jibu la jeshi zima. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa dawati la namna hiyo, nikishughulika na mikataba ya askari. Kabla ya hapo mimi mwenyewe nilivua sare ya Wanamaji nikavaa ya Nchi Kavu, kwa hiyo najua hayo maneno yanavyomvunja mtu nguvu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe lina vipengele vinavyovutana.

Kwanza uelewe kilichobadilika kati ya 2019 na leo. Ulipoingia mara ya kwanza ulikuwa kijana asiye na kitu. Jeshi lilikuchukua likiwa na nia ya kukupika lenyewe, kwa hiyo palikuwa na nafasi elfu kwa elfu za watu kama wewe. Leo una fani, una cheo, una rekodi ya matibabu na rekodi ya nidhamu. Hakuna anayetafuta "mtu aliyewahi kutumikia" kwa jumla. Panatafutwa fundi wa cheo fulani kwa ajili ya pengo fulani katika kikosi fulani, na pengo hilo likijazwa linafutika. Jeshi la Anga la kudumu, hasa, hufungua nafasi chache kwa watu wa utumishi wa awali, kwa fani chache, na idadi hiyo hubadilika mwaka wa bajeti unapoanza upya tarehe 1 Oktoba. Mwandikishaji anapimwa kwa idadi ya vijana wapya anaowaingiza. Faili lako lina karatasi mara tatu ya la kijana aliyemaliza shule juzi, na msamaha wake, yaani ruhusa maalumu ya kukupokea licha ya kikwazo, huenda ukachukua miezi. Simtetei, nakueleza tu kwa nini mkono wake ulikuwa mwepesi kukurudishia karatasi.

Kwa hiyo acha kwenda ofisini ukiuliza kama unaweza kurudi. Nenda ukijua karatasi zako zinasema nini na pengo unalolitaka liko wapi.

Tuanze na DD 214. Hakikisha unayo nakala ndefu, ile inayoitwa Member 4, maana nakala fupi hufichwa sehemu ya chini ambayo ndiyo inayosomwa na kila mwandikishaji. Kisanduku cha 24 ndicho kinachosema ulitoka kwa hali gani. Chako kinasema kwa heshima, na hilo ni nusu ya safari. Cha 26 kina herufi tatu za sababu ya kutoka. Cha 27 ndicho hicho chenye msimbo wa kurudi kilichokukwamisha. Cha 28 kinaeleza sababu kwa maneno. Watu hukikodolea macho cha 27 peke yake, wakati 26 na 28 ndivyo vinavyoeleza huyo 3 ametoka wapi.

Katika Jeshi la Nchi Kavu, 1 maana yake unastahili kurudi bila kikwazo, 3 maana yake kuna kikwazo kinachoweza kusamehewa, na 4 maana yake mlango umefungwa. Matawi mengine yana misimbo yao: Jeshi la Anga huweka herufi baada ya namba, Wanamaji vivyo hivyo. Tawi unalolitaka linaisoma misimbo ya kwenu kwa macho yake, na msamaha hutolewa na tawi linalokupokea, si lile lililokutoa. Ndiyo maana askari mwenye 3 anaweza kukataliwa na tawi moja mwezi huu na kukubaliwa na lingine mwezi huo huo kwa karatasi zile zile.

Hukuniambia 3 yako ilitokana na nini. Kwa fundi aliyemaliza mkataba wake kwa heshima, mara nyingi nimeona mojawapo ya haya: alishindwa mtihani wa viungo muda mfupi kabla ya kutoka, au alivuka kipimo cha uzito, au kamanda alimwekea kizuizi cha kusaini mkataba mpya. Kama ni moja ya hayo, msamaha hujengwa kwa ushahidi kwamba tatizo halipo tena. Barua ya kujieleza ni lazima uandike, lakini haitoshi peke yake. Unapima uzito mbele ya mwandikishaji. Unatafuta barua ya mwajiri wako wa sasa, na barua ya sajini wako wa zamani anayejua kwa nini ulikwama na anayeweza kusema ungemfaa tena. Niliwahi kumsaidia askari mmoja ambaye faili lake lilirudishwa mara mbili likiwa na barua tatu nzuri za viongozi wa kanisa lake. Mara ya tatu aliweka barua moja tu, ya sajini aliyemwekea kizuizi chenyewe, akikiri kwamba kijana amekua. Likapita.

Lakini ikiwa 3 hiyo imeandikwa kimakosa, kwa mfano kizuizi kiliondolewa kabla hujatoka na karani hakukirekebisha, usiombe msamaha wa kosa lisilo lako. Omba rekodi isahihishwe. Fomu ni DD 149, inakwenda kwenye bodi ya kurekebisha rekodi za Jeshi la Nchi Kavu, na unatakiwa kuipeleka ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kuusamehe muda huo haki ikidai. Bodi ni polepole, wala usiisubiri ukiwa umekaa. Njia hizi mbili zinaweza kwenda pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo pengine hukuambiwa ulipokuwa unakabidhi vifaa. Mkataba wako wa kwanza ulikuwa wa miaka 8, hata kama miaka ya kukaa kambini ilikuwa minne. Minne iliyobaki uliwekwa kwenye akiba ya mtu mmoja mmoja, ile IRR, ambayo haina mazoezi wala mshahara, lakini jina lako bado liko kwenye vitabu vya Nchi Kavu hadi 2027. Maana yake tawi jingine haliwezi kukuandikisha kabla Nchi Kavu haijakuachia. Karatasi ya kuachiwa ni DD 368. Mwandikishaji mpya ndiye anayeianzisha, na kwa watu wa IRR inashughulikiwa na makao ya utumishi ya Nchi Kavu yaliyoko Fort Knox, Kentucky. Kwa kawaida hawaikatai, ila ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Nimeona faili likiwa tayari kwa kila kitu isipokuwa 368 iliyokwisha muda wiki moja kabla ya kiapo, kila kitu kikasimama. Iombe mapema kiasi, lakini si mapema mno: msamaha wa msimbo ukishaanza kutembea, ndipo.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Jeshi la Anga lina milango mitatu, na kila mmoja una waandikishaji wake. Kuna la kudumu, kuna la akiba, na kuna Walinzi wa Taifa wa Anga, ambao wapo katika kila jimbo. Uliyemwendea wewe, kwa namna unavyomweleza, ni wa lile la kudumu. Hawezi kukusemea hata neno moja kuhusu hao wawili wengine, na mara nyingi hata hajui walicho nacho.

Na hapa nitakuambia ninachoamini, sikuzungushi: kwa mtu wa hali yako, anza na Walinzi wa Taifa wa Anga, kisha la akiba, na la kudumu liwe la mwisho. Najua si ulichoniuliza. Lakini fikiri. Walinzi wa Taifa na akiba huajiri kwa pengo la kikosi. Mkuu wa karakana akikutaka, anampigia mwandikishaji wake mwenyewe, na faili linapata mtu wa kulisukuma. Ndege zina mashine nyingi za ardhini zinazozihudumia, jenereta, mitambo ya kupoza hewa, magari ya kuvuta. Kuna fani nzima ya kuzitunza, na vikosi vina karakana za magari ya kawaida pia. Fundi aliyeshika spana miaka minne, mwenye nidhamu, si mzigo kwa karakana ya namna hiyo. Utakuwa ukienda wikendi moja kila mwezi na wiki mbili hivi kila mwaka, huku kazi yako ya uraiani ikilindwa na sheria ya USERRA ya 1994, ambayo inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu ya utumishi na inamlazimu kukupokea tena ukirudi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui hata baada ya miaka jeshini. Vikosi hivyo vina mafundi wa kudumu wanaofanya kazi kutwa nzima, Jumatatu hadi Ijumaa, wakiwa watumishi wa serikali kuu waliovaa sare, kwa sharti la kubaki wanachama wa kikosi. Mafundi wa hadhi mbili, ndivyo wanavyoitwa. Wengi wao waliingia kama wa wikendi, wakaonekana, nafasi ilipofunguka wakaiomba. Kama unachotafuta ni maisha ya jeshi kila siku bila kuhamisha watoto kila miaka mitatu, mlango huo unaweza kukufaa kuliko ule uliofungiwa usoni.

Namna ya kuwatafuta: usiishie kwenye ofisi ya barabarani. Tafuta kikosi cha Walinzi wa Anga kilicho karibu nawe, uliza jina la mwandikishaji wake, kisha umwombe akuruhusu uitembelee karakana siku ya zoezi. Vaa vizuri, zungumza na mafundi, uliza wana upungufu wa cheo gani. Jina lako likitajwa na sajini mkuu wa karakana, karatasi zako zitasomwa kwa jicho tofauti kabisa.

Sasa goti na masikio. Hapa ndipo ninapotaka uende taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wema hujiingiza kwenye matatizo makubwa.

Asilimia 30 yenyewe haikuzuii. Hakuna kifungu kinachosema mwenye fidia haruhusiwi kurudi. Daktari wa MEPS, kituo kinachopima waombaji wa matawi yote, haangalii asilimia, anaangalia ugonjwa. Nakisia goti lako ni 20 na masikio ni 10, maana VA hawajumlishi moja kwa moja, bali huchukua 10 ya kile kilichobaki baada ya 20, inakuwa 28, inasogezwa hadi 30. Kuvuma kwa masikio peke yake mara chache humwangusha mtu ikiwa kipimo cha usikivu kiko sawa. Goti ndilo la kulitafakari. Lilipasuliwa? Linavimba ukikimbia? Una picha za hivi karibuni? Je, unaweza kuchuchumaa na kutembea kibata mbele ya daktari bila kukunja uso? Hayo ndiyo maswali yake.

Tatizo ni hili: ulipokwenda VA ulieleza maumivu yako kwa ukweli, na yakaandikwa. Ukienda MEPS utatamani kusema goti halina neno. Usifanye hivyo. Rekodi za matibabu za jeshi sasa ziko kwenye mfumo mmoja unaofunguliwa na MEPS, na maamuzi ya VA utaulizwa uyalete. Utajikuta una maelezo mawili yanayopingana yaliyotiwa saini na mkono mmoja. Kuficha ugonjwa ili uandikishwe ni kosa chini ya kifungu cha 104a cha sheria za kijeshi, na kwa mtu aliyekwisha kutoka kwa heshima, kutoka mara ya pili kwa udanganyifu ni hasara isiyo na kipimo. Kwa aliyepata uraia kwa njia ya utumishi kama wewe, kutoka kwa hali mbaya kabla ya kutimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi wa heshima kunaweza hata kuuweka uraia huo hatarini. Una minne. Nakuomba ulisome hilo mara mbili.

Njia iliyonyooka ni hii. Chukua barua ya uamuzi wa VA na rekodi zote za goti. Nenda kwa daktari wa mifupa, lipa kwa fedha yako ikibidi, upate maelezo ya sasa: goti linakunja nyuzi ngapi, lina nguvu kiasi gani, linaruhusu kukimbia au la. Weka vyote kwenye fomu ya historia ya matibabu tangu mwanzo. Daktari wa MEPS akiandika hustahili, usikate tamaa palepale. Yeye hana mamlaka ya kusamehe, anaandika tu alichoona. Msamaha wa afya unaamuliwa na tawi lenyewe, na daktari wa tawi akikuta faili lililo wazi na ripoti mpya ana kitu cha kusimamia. Akikuta faili lenye mapengo, atakataa ili alale usingizi. Na daktari wa mifupa akikuambia goti halitaweza, mwamini. Nimewaona wanaume wakilia kambini wiki ya tatu kwa sababu walimshinda daktari kwa maneno, goti likawashinda kwa vitendo.

Kuhusu fedha ya fidia: sheria haikuruhusu kupokea mshahara wa jeshi na fidia ya VA kwa siku hiyo hiyo. Ukirudi kwenye utumishi wa kudumu, unawajulisha VA na fidia inasimama. Usipowajulisha watakulipa miezi kadhaa kisha watakudai yote. Ukiwa wa wikendi, unachagua: unaachia fidia ya siku ulizolipwa na kikosi, kwa kawaida siku 63 kwa mwaka, yaani mazoezi 48 (manne kila wikendi, kila zoezi likihesabiwa siku moja) na siku 15 za mwaka. Karibu kila mtu huachia fidia, kwa sababu posho ya zoezi moja kwa E-4 ni kubwa mara kadhaa kuliko fidia ya siku moja ya asilimia 30. Siku ukitoka tena jeshini, fidia hairudi yenyewe. Unaiomba, na VA wana haki ya kukupima upya.

Cheo. Jiandae moyoni kukipoteza, hata kama pengine hutakipoteza. Kila tawi huamua litakupokea kwa cheo gani kulingana na muda uliokaa nje na fani unayoingia. E-4 wengine hubaki E-4, wengine hushushwa hadi E-3. Mshahara wa msingi ni jedwali moja kwa matawi yote, cheo kwa miaka, na miaka yako minne inahesabiwa popote uendapo. Hivyo hutalipwa kama kuruta. Lakini angalia jambo ambalo mwandikishaji hatakutajia: mshahara wa E-3 huacha kupanda baada ya miaka 3, wakati wa E-4 unaendelea hadi wa 6. Miaka yako haina pa kukua ukiwa E-3. Kwa hiyo cheo si heshima tupu, ni chakula cha watoto, nawe una haki ya kuuliza utaandikwa cheo gani na kwa tarehe gani kabla ya kuinua mkono. Tarehe ya cheo ikianzishwa upya siku unayoingia, hata E-4 aliyebaki na mabega yake anapanga foleni ya kupandishwa nyuma ya vijana. Chochote usichokiona kwenye mkataba wenyewe, kihesabu kuwa hujaahidiwa.

Mimi nilishushwa. Nilitoka Wanamaji nikiwa E-5, nikaingia Nchi Kavu nikiwa E-4, nikapelekwa kozi ya majuma kadhaa kufundishwa upya mambo ya nchi kavu na koplo aliyekuwa sekondari nilipokuwa tayari baharini. Wiki ya kwanza ilinichoma sana. Kilichonisaidia ni kwamba mke wangu alilijua hilo kabla, tulikuwa tumepiga hesabu ya mshahara mpya mezani, hakukuwa na la kumficha.

Kuhusu depo, kwako habari ni nzuri. Aliyemaliza mafunzo ya awali ya Nchi Kavu kwa kawaida harudishwi kambi ya Lackland kuanza na makuruta wa Jeshi la Anga. Chuo cha fani ndicho utakachokwenda ukibadilisha kazi. Kwa fani nyingi za ufundi wa mitambo ya ardhini ya ndege, hicho kiko kambi ya Sheppard, Texas. Ungechagua Marine ningekuambia tofauti: wao humrudisha kila mtu depo, majuma 13, Parris Island au San Diego, awe alikuwa nani huko alikotoka, tena kwa umri wa kuingia usiozidi 28 kwa kawaida. Walinzi wa Pwani, walio chini ya Usalama wa Ndani na si Wizara ya Ulinzi, huwapokea watu wa matawi mengine Cape May, na wanastahili kufikiriwa na fundi yeyote wa injini. Jeshi la Anga za Juu ni dogo na linataka zaidi watu wa kompyuta, satelaiti na upelelezi, kwa hiyo nalipita.

Umri hauna shida. Sheria ya nchi inaweka ukomo wa kuandikishwa kuwa miaka 42, na ingawa kila tawi linaweza kuweka chini ya hapo, miaka ya utumishi wa awali mara nyingi hutolewa kwenye umri wako. Watoto wawili pia hawakukwamishi. Wategemezi wanaozidi wawili walio chini ya miaka 18 ndio wanaohitaji msamaha. Mkitarajia wa tatu, mwambie mwandikishaji mapema.

Kuna faida moja ambayo nadhani hujaifikiria, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa moto namna hii. Miaka yako minne imekupa miezi 36 ya kulipiwa masomo chini ya mpango wa baada ya Septemba 11. Ukiwa nje huwezi kuihamishia kwa watoto. Haki ya kuhamisha ni ya aliye ndani tu, mwenye miaka 6 ya utumishi, anayekubali kutumikia 4 zaidi. Muda wa IRR hauhesabiwi, lakini miaka ya wikendi katika Walinzi wa Taifa inahesabiwa. Kama hujaitumia miezi hiyo, kurudi kwako kunaweza kuwasomesha watoto wako chuo kikuu. Kaa na mkeo mlizungumze hilo, maana pengine ana wasiwasi wa kukupoteza tena na hajaambiwa kuna kitu upande wa pili wa mizani.

Pensheni nayo: miaka minne uliyokaa haijapotea, inaunganishwa na utakayoitumikia katika tawi lolote. Ukienda wa kudumu, unahitaji 20 kwa jumla. Ukiwa wa wikendi, unahitaji miaka 20 yenye angalau pointi 50 kila mmoja, na malipo kwa kawaida huanza ukiwa na miaka 60. Kila mwaka unaokaa IRR bila mazoezi unapata pointi 15 tu za uanachama, kwa hiyo hauhesabiki. Miaka hiyo inapita bure, ndiyo maana sipendi uendelee kusubiri mwandikishaji mmoja abadilike.

Wiki hii, fanya mambo mawili tu. Toa nakala ndefu ya DD 214. Kama imepotea, iombe kwa fomu SF 180 au kwa mtandao kutoka hifadhi ya rekodi za kijeshi St. Louis, na ukiipata ihifadhi pahali pawili, maana moto wa 1973 kwenye hifadhi hiyo hiyo uliteketeza mamilioni ya mafaili ya askari wa zamani. Kisha weka miadi na daktari wa mifupa. Usipige simu kwa mwandikishaji mwingine kabla hujajua goti linasemaje, kwa sababu swali lake la kwanza zuri litakuwa hilo.

Ukishapata vyote viwili, niandikie tena. Niambie kisanduku cha 26 kina herufi gani tatu na cha 28 kimeandikwa nini neno kwa neno, pamoja na jimbo unaloishi. Hapo nitajua kama tunaandika barua ya msamaha au tunakwenda bodi.